Kizibo cha Ebyai Ndani ya Injini

Mjukuu wangu, iko asubuhi moja ya zamani ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa nimeinama juu ya injini ya lori katika karakana moja ya Bukoba mjini, spana mkononi, na mawazo hayakuwa kwenye spana hata kidogo. Yalikuwa Ijumbi, upande wa Muleba, kwa mama mkwe wangu, ambako mke wangu Kokushubila alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake. Mdogo wake alikuwa amefika kwa baiskeli baada ya kusafiri usiku kucha, matope mpaka magotini, akaniambia, "Shemeji, miguu imemvimba sana. Kichwa kinamuuma. Mama anasema uje na gari."

Na gari lenyewe ndilo hilo lililokuwa mbele yangu, na injini yake ilikuwa na ugonjwa wa kugonga.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Bibi yenu hunicheka kwamba nasikia mvua kabla mawingu hayajakusanyika. Lakini safari ile wasiwasi wangu ulikuwa na sababu. Mimba yetu ya kwanza tuliipoteza, na nusura nimpoteze na Koku mwenyewe. Sista wa hospitali ya Rubya alituambia waziwazi: mimba ijayo, miguu ikianza kuvimba na kichwa kuuma, msingoje hata kidogo, mleteni. Ndiyo maana tulikubaliana akakae kwa mama yake Ijumbi, badala ya kubaki nami Buhembe, ili awe karibu na Rubya. Tungejuaje kwamba mvua za mwaka ule zingekuja kwa hasira vile? Bonde lilijaa, njia ya miguu ikafunikwa na maji, wala hapakuwa na wanaume wa kumbeba kwa machela kwenye maji ya kifuani. Ilibaki barabara ya kuzunguka, ndefu, yenye kupanda, na ya kumpitisha mgonjwa kwa gari tu. Basi lilikuwa limepita jana yake, na kulingoja jingine ilikuwa kumchezea mtu roho.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita, malori ya dizeli yalipoanza kuonekana kwenye barabara zetu. Nyinyi mmezaliwa mkayakuta, mnaona ni kitu cha kawaida. Sisi tulikuwa tukisikia dizeli linapanda kutoka Kemondo, watu wanaacha majembe shambani wanakuja kutazama. Hilo letu lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Injini yake ilikuwa imechoka, nasi tukaifungua yote, tukabadilisha vilivyochakaa na kuiunda upya. Sasa mwenye lori alikuwa ametukubalia safari ya majaribio ifike Muleba kuchukua kahawa, na mimi niliomba tupitie Ijumbi. Alikubali bila maneno mengi. Mungu amrehemu.

Aliyekuwa mkubwa wetu pale karakana ni Mzee Rwechungura. Mzee huyu alijifunza injini jeshini, huko Burma, akarudi na mguu mmoja unaochechemea na tabia ya kutosema. Ungeweza kufanya naye kazi kutwa nzima usisikie zaidi ya "shika hapa" na "achia". Tulimheshimu kupita kiasi. Na ninaposema kupita kiasi, mwanangu, nina maana yangu, utaiona.

Sasa nikueleze ule ugonjwa. Juu ya injini, chini ya kifuniko, kuna vyuma vifupi vinaitwa roka. Kila roka kazi yake ni kuibonyeza valvu, kile kilango cha hewa na moshi, ifunguke, halafu inaiachia ijifunge. Kati ya roka na valvu lazima uache nafasi kidogo, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Nafasi ikizidi, chuma kinagonga chuma, unasikia ta-ta-ta-ta mpaka kwenye meno. Injini yetu ilikuwa inawaka vizuri, inakaa kimya kwa muda, halafu ikipata joto barabarani inaanza. Ta-ta-ta. Tukirudi, tunapima nafasi, tunaikuta imezidi. Tunarekebisha, tunafunga, inanyamaza. Tunatoka tena mpaka Kyetema, inaanza tena.

Usidhani tulikaa tu tukiitazama. Mzee alitufundisha kulegeza mirija ya dizeli, silinda moja baada ya nyingine, huku injini ikinguruma. Mgongano ukifa unapolegeza mrija, ugonjwa uko kwenye dizeli. Usipokufa, uko kwenye valvu. Haukufa. Tukachomoa zile fimbo ndefu zinazosukuma roka, tukazibingirisha juu ya kioo kuona kama kuna iliyopinda. Zote zilikuwa nyoofu. Tukatazama springi, hakuna iliyovunjika. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, kama daktari, nikasikia mgongano unatoka upande wa nyuma. Tukarekebisha tena roka za nyuma. Mzee akachukua kopo la oili akazimiminia roka zote, za mbele na za nyuma, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono. Hiyo ilikuwa desturi yake. Hakuna kifuniko kilichofungwa pale karakana kabla roka hazijanyweshwa oili kwa mkono.

Basi mdogo wake Koku alipofika na ujumbe wake, tulikuwa tunamalizia kufunga kifuniko hicho tena, na injini tulipoiwasha haikugonga. Mzee akafuta mikono akasema, "Twende." Dereva wetu Ishengoma, mtu wa maneno mengi ajabu, akapanda akaanza kuhadithia kabla hata hajaingiza gia. Mzee akakaa katikati, mimi dirishani. Yule shemeji yangu tulimpakia nyuma na baiskeli yake.

Mwanangu, sijui kama umewahi kukaa mahali ukisikiliza kitu unachoogopa kukisikia. Tulipita Kyetema, kimya. Ishengoma anasimulia habari za mtu aliyeoa Kamachumu, mimi sisikii. Kila jiwe likiruka chini ya gari moyo wangu unadunda. Nilianza kujidanganya, nikasema labda leo imepona. Nikaanza hata kufikiria jina la mtoto. Tulipokaribia Kemondo, kwenye kilima, nikaisikia. Kwanza kwa mbali, ta, halafu kimya, halafu ta-ta, na tulipofika juu ilikuwa imekolea, inagonga kuliko siku zote.

Ishengoma akanyamaza katikati ya hadithi. Akasimamisha gari pembeni, akazima. Mbele yetu ilikuwa safari yote ya Muleba na kupanda kote kule kwa mizigo na mgonjwa. Nyuma yetu Bukoba, karibu, salama. Ishengoma akasema taratibu, "Mzee, hii ikikatikia njiani na mama mjamzito ndani, tutakuwa tumemtoa kwenye kitanda chake tukamlaze porini."

Alisema kweli, na ndiyo iliyonitia hofu. Tukirudi, Koku anabaki Ijumbi na maji yamemzunguka. Tukienda, huenda tukamlaza barabarani mvuani. Nikatamani kulia, mtu mzima mimi, na sikuona aibu ya kutamani hivyo.

Hapo ndipo jambo moja lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi likanijia mdomoni.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penyewe. Injini ile ilikaa wazi kwa muda mrefu ikingoja vipuri vitoke ng'ambo ya ziwa kwa meli. Karakana yetu ilikuwa banda tu, pembeni wazi, na nyigu wa pale walikuwa na tabia mbaya: wakiona tundu lolote wanalijaza udongo na kutagia humo. Matambara hatukuyataka, yanaacha nyuzi. Basi Mzee alituelekeza tuzibe matundu kwa ebyai, yale maganda makavu ya mgomba, kama tunavyoziba mdomo wa kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Unalikunja, unalisokota, unalisukuma mpaka linakaza. Mhaya gani asiyejua kuziba kwa ebyai? Tukaziba kila kitu. Sisi vijana vizibo vyetu vilikuwa na mikia imening'inia nje, fundi wa meli angeviona angecheka. Vizibo vya Mzee vilikuwa vimekatwa kwa kisu, sawasawa na uso wa chuma, nyigu hapati hata pa kushika.

Vipuri vilipofika tukaanza kufunga. Na siku ileile, kazi ikiwa katikati, akaja mtu kumwita Mzee: kaka yake mkubwa amefariki. Akaacha spana palepale, akaenda msibani. Sisi tukaendelea. Tukatoa vizibo vyote tulivyoviona. Aliporudi kutoka matangani, nywele amenyoa, macho yamemwingia ndani, hakuuliza tumefika wapi. Akachukua spana akaendelea pale alipokuta.

Je, alikuwa ametoa vizibo vyake kabla hajaitwa, hasa kile cha tundu la nyuma linalopandisha oili kwenye roka? Au alidhani tumevitoa sisi, nasi tukidhani amevitoa yeye? Hilo ndilo lililokuwa likinizunguka. Na ungemuulizaje? Katika malezi yetu kijana hamwambii mtu mzima "umesahau". Tena mtu mzima aliyetoka kumzika kaka yake! Kumuuliza ilikuwa kama kumwambia kilio chako kimeharibu kazi. Afadhali nimeze bisibisi.

Lakini akilini nilimwona Koku na miguu yake iliyovimba. Nikapiga moyo konde. Nikatazama sakafu ya gari, nikasema kwa sauti ndogo, "Mzee, samahani sana, tata, naomba usinielewe vibaya. Zile roka za nyuma... lile tundu la kupandishia oili... sijui kama... vile vizibo..."

Sikumaliza. Mzee aligeuka akanitazama. "Unaniuliza mimi?"

Ishengoma akatazama nje kwa dirisha lake kana kwamba ameona mtu anayemfahamu. Mzee akasubiri niteremke nimpishe, akashuka, akachechemea mpaka kwenye ukingo wa shamba la mtu, akasimama akitazama migomba. Nilijua nimeharibu. Nilijua kazi nimepoteza, na safari nimepoteza, na labda mke pia. Nilimchukia kidogo, nitakwambia ukweli, halafu nikajichukia mimi kwa kumchukia.

Aliporudi hakunitazama. Alisema, "Fungua kifuniko. Usimimine kitu. Ishengoma, washa, polepole."

Nikafungua kwa haraka hadi nati zikaanguka matopeni. Ishengoma akawasha. Akashuka, sote watatu tukainama juu ya injini inayonguruma. Roka za mbele zilikuwa zinameremeta, oili inachuruzika inavyopaswa. Roka za nyuma zilikuwa kavu. Kavu kabisa, mwanangu, zimeanza kubadilika rangi kwa joto, zinagonga huku zimekosa hata tone. Kumbe oili tuliyokuwa tukiiona kila tunapofungua ilikuwa ile ya kopo la Mzee. Tulikuwa tunainywesha injini kwa mkono, inanyamaza, halafu ile oili inakauka inaanza kulia tena. Wema wetu wenyewe ndio uliotufichia ugonjwa.

Mzee akaamuru izimwe. Tukainua shafti ya nyuma iliyobeba roka, bado ya moto, tukishika kwa matambara. Chini yake palikuwa na tundu dogo la oili, na ndani ya tundu palikuwa na kitu cheusi, kimekatwa sawasawa na uso wa chuma, ungedhani ni chuma chenyewe. Mzee akaomba spoku ya baiskeli. Shemeji yangu akaitoa kwenye gurudumu lake bila kulalamika, kijana mzuri yule. Mzee akaipinda ncha, akaiingiza, akavuta. Kikatoka kizibo cha ebyai, kimelowa oili chote, kizima kama siku alipokitia.

Akakishika kwenye kiganja.

"Kamugisha," akaniita kwa jina. "Niulize tena."

"Mzee?"

"Swali lako. Niulize tena. Kwa sauti, huyu dereva asikie, na yule kijana wa baiskeli asikie."

Nikasema, "Mzee, ulikitoa kile kizibo ulichokitia mwenyewe?"

"Sikukitoa," akasema. "Mikono yangu ilikuwa kwenye injini, lakini mimi nilikuwa kaburini kwa kaka yangu. Nilidhani mmekitoa nyinyi." Halafu akanikemea, na alinikemea kweli. "Ulilijua jambo hili tangu lini? Tangu asubuhi? Mkeo anaumwa, gari linagonga, na wewe umekaa na swali tumboni kwa sababu ya mvi zangu? Nani alikwambia mvi zinatoa vizibo? Na ulipouliza, umeuliza kama mwizi anayepita uwani. Ungeniuliza hivi ulivyoniuliza sasa hivi, ningekasirika. Ningekasirika sana. Halafu ningefungua kifuniko kule kule karakana."

Nilitaka kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Usiniombe radhi. Shika hapa."

Tukarudisha shafti, tukapima nafasi palepale barabarani, Ishengoma akiwa ametandaza koti lake juu yetu maana manyunyu yalianza. Alipowasha, tukaisubiri ile oili. Ikaja. Ilichungulia kwenye roka ya nyuma, ikajaa, ikachuruzika. Sijawahi kufurahi kuona oili kama siku ile. Mgongano ulibaki kidogo tu, kwa kuwa roka mbili zilikuwa zimekwishaliwa, lakini Mzee akasema itatufikisha.

Ilitufikisha. Tulipofika Ijumbi mchana ulikuwa umegeuka, na watu wamejaa uwani. Koku walimtoa ndani wakimshika huku na huku. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamekuwa madogo. Aliniambia tu, "Umekuja," akafumba macho. Tukamlaza nyuma ya lori juu ya majani na mikeka, mama yake akapanda kumshika kichwa, nami nikapanda.

Sasa hapo, mwanangu, palikuwa na ugumu mwingine. Unajua desturi zetu za mkwe. Mama mkwe wangu na mimi hatukuwa tumewahi kutazamana usoni. Nikiingia uwani yeye anatoka. Tukiwa na jambo, anaambiwa mtu mwingine aniambie. Leo tumekaa wote nyuma ya lori, magoti karibu yagusane, yeye amejifunika kanga kichwani na amegeukia ubao wa gari. Nilimwona midomo inafunguka na kufungika. Kuna kitu alikuwa nacho. Na kwenye ulimi wa Koku, alipopumua kwa mdomo wazi, niliona jeraha jipya, kama mtu aliyejiuma.

Nikafikiri, nitamuuliza sista atakapotupokea. Halafu nikafikiri, sista atajuaje jambo lililotokea Ijumbi? Aliyekuwepo ni huyu. Nikasema, kwa sauti, kwa Kihaya, nikimtazama: "Mae, waitu, mama, nisamehe kwa kukuuliza. Koku alipatwa na nini leo?"

Alishtuka kama nimemgusa. Shemeji yangu akainamisha kichwa. Mama akazidi kuugeukia ubao. Lori lilikuwa linapanda kwenda Rubya, injini inalia kwa nguvu. Nikamuuliza tena, sauti ileile.

Akaanza kulia. Akasema, bado ameugeukia ubao, kwamba mtoto huyu wa baiskeli alipokwisha kuondoka, Koku alianguka. Akakakamaa, akatetemeka mwili mzima, akatoa povu. Halafu akatulia. Halafu ikamrudia. Alikuwa ameificha, hata majirani walioko uwani hawakujua, maana angesemaje? Wangesema ni kifafa. Wangesema ukoo wao una kifafa na walikificha walipomwoza. Mimi ningemrudisha. Wadogo zake wasingeolewa. "Nilikuwa nikimwomba Mungu usiniulize," akasema, "na nilikuwa nikimwomba uniulize."

Nikamwambia sitamrudisha Koku hata angeanguka kila siku. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyokuwa nikihisi. Akanitazama usoni. Mara moja tu.

Tulipofika Rubya sista alitoka na kumtazama Koku miguu na uso, akauliza, "Ameanguka? Ametetemeka?" Mama mkwe akainama. Nikajibu mimi: "Ndiyo, sista. Mara mbili leo." Sista aligeuka hapohapo. Alikimbia. Sijawahi kumwona mtu wa kanzu ndefu akikimbia vile. Wakamtia chumba chenye giza ili mwanga usimshtue, wakamchoma sindano, wakatufungia mlango. Baadaye sana, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, mimi na Mzee Rwechungura na Ishengoma ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa hana hadithi, daktari alikuja akasema kwamba tungeeleza nusu ya habari, wangeanza kumtibu uvimbe na kichwa wakingoja, na asingeufikia mwisho wa kungoja huko.

Mtoto alitolewa siku ileile. Alikuwa mdogo, amechelewa kulia, nasi huku nje tulikuwa tumebandika masikio mlangoni. Halafu akalia. Ni mama yako huyo, mwanangu, na hajaacha kupiga kelele mpaka leo. Koku alikaa hospitali muda mrefu akapona. Ile degedege haikumrudia tena maishani, wala haikuwa kifafa. Ilikuwa ni ugonjwa wa mimba, na ulikuwa na dawa, kwa mtu aliyeulizwa akasema.

Sasa nasaha yangu, maana sikukuita hapa kukusimulia habari za roka.

Tulilelewa kuheshimu, na ni vizuri. Mimi sitaki uje kunisalimu umesimama na mikono mfukoni. Lakini heshima ya kunyamaza wakati kitu kinaharibika, hiyo siyo heshima, ni woga uliovaa nguo za heshima. Kitu kikilia, kiwe injini, kiwe mtu, usikimbilie kukinyamazisha. Ukikirekebisha kikanyamaza halafu kikalia tena, jua hujakijibu. Tafuta aliyekuwepo. Muulize. Muulize hata kama ni mkubwa kwako, hata kama ana msiba, hata kama ni mkwe. Piga magoti kwanza ukitaka, lakini ukishapiga magoti uliza kwa sauti, neno zima, siyo nusu. Atakasirika. Mwache akasirike, hasira ya mtu mzima huwa haiui mtu. Na wewe ukiwa ndiye unayeulizwa, fungua kifuniko utazame kabla hujasema "unaniuliza mimi?"

Na kuna jambo jingine, nalo ndilo hasa lililonifanya nikuite leo. Juzi nilitoka shambani nikakuta jiko nililoliwasha mwenyewe limezimwa, na sufuria iliyoungua imeoshwa ikarudishwa mahali pake. Nilijua ni wewe. Na wiki iliyotangulia nilikuita kwa jina la mjomba wako, ukaitika kana kwamba ndilo lako. Nimekuona pia ukihesabu vidonge vyangu kwenye kopo nikiwa nimegeuka. Unanificha ili usiniaibishe. Nakushukuru, una moyo mzuri. Lakini usinifiche, mwanangu. Nami nimekwishafika umri wa Mzee Rwechungura na kuupita, na huenda kuna vizibo nilivyoviacha mahali ambavyo sivioni tena. Njoo uniulize: Babu, umezima jiko? Babu, umekunywa dawa? Babu, unakumbuka leo ni siku gani? Nitakukasirikia. Nitakwambia unaniuliza mimi, mimi niliyemzaa mama yako? Usiondoke. Simama hapohapo, uniulize tena, na mama yako asikie.

Mungu akupe kinywa kisichotetemeka mbele ya unaowapenda. Akupe wakubwa watakaokasirika halafu wafungue. Nyumba yako isiwe na kilio kinachofichwa, watoto wako wakuulize nawe uwajibu, na siku ukizeeka, apatikane wa kukuambia ukweli huku amekushika mkono. Haya, sogea hapa. Anza na lile la jiko.